Jicho la Zaina Lililobaki

Siku mliyoniaga mlinipikia bukari, ugali wetu, na samaki, mkanipa saa ya ukutani (mtu ameacha kazi, mnampa saa, sijui mlitaka nichelewe wapi), kisha mkapiga makofi mkidai maneno. Nilisimama, nikasema aksanti, nikakaa. Mlidhani nimezidiwa na machozi. Wala. Maneno niliyokuwa nayo hayakufaa kusemwa mbele ya watu wenye miiba ya samaki mikononi.

Basi nayaandika. Mpwa wangu anayefundisha shuleni amenisahihishia, ndiyo maana mtaona Kiswahili bora ambacho hamjawahi kukisikia kinywani mwangu. Ila nilimkataza kugusa maneno ya watu. Waliyosema, waliyasema vile, hata "njo" palipotakiwa "ndiyo". Mambo ya cheo na mshahara sitayagusa: cheo kilikuwa kidogo, na mshahara mnaujua, ni huo huo wenu. Nataka kuwaambia habari ya woga. Mimi, infirmière Véronique, muuguzi wa service ya macho, Mama Vero wenu, niliogopa kila siku ya kazi yangu, na leo niko nyumbani bado naogopa. Woga wangu una jina. Anaitwa Zaina, na ana jicho moja.

Nilifika Kolwezi kwa treni kutoka Kasaji, nikiwa na cheti kipya na viatu vya dada yangu. Hospitali iliniweka upande wa macho kwa sababu hakuna aliyeutaka. Wenzangu wote waliomba uzazi, ambako watu hushukuru na kuleta kuku. Service ya macho ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeusi, beseni, chupa za serum, maji ya chumvi ya kuoshea, zilizoning'inia kwenye msumari, na Tata Mutombo.

Tata Mutombo alikuwa infirmier mzee, mfupi, mkali, aliyeongea na macho ya watu badala ya wenye macho. "We, jicho, tulia," alisema, na mgonjwa mzima alitulia. Siku yangu ya kwanza alikuja fundi wa magari mwenye kichembe cha chuma juu ya mboni. Tata Mutombo akanipa sindano, akasema nikitoe kwa ncha. Niliiona ncha ikilikaribia jicho, nikatoka mbio kutapika ukutani. Alipomaliza kazi alinifuata.

"Umemaliza kutapika?"

"Ndiyo, Tata."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa kumutoboa."

"Ni muzuri. Mwenye haogope, mi siwezi mupatia sindano. Kesho tutaanza."

Kesho yake alikuja na kichwa cha mbuzi kutoka sokoni, kimefungwa kwenye gazeti. Alinyunyiza pilipili ya kusaga juu ya jicho la mbuzi, akanipa sindano: nitoe chembe moja moja, na nikikwaruza, ataona. Nilifanya hivyo wiki nyingi. Mchana alibeba kichwa nyumbani, mke wake akakipika supu. Mama yule aliniuliza siku moja kanisani, bila kucheka hata kidogo, kwa nini mbuzi wa hospitali wanakuja wamekwisha tiwa pilipili.

Kitu cha thamani kuliko vyote chumbani kilikuwa lampe, ile mashine ambayo mgonjwa anaweka kidevu, nawe unatazama ndani ya jicho lake kwa mstari mwembamba wa mwangaza. Balbu zake zilitoka mbali, na moja ikiungua tulingoja miezi. Kwa hiyo Tata Mutombo aliweka sheria: lampe inawashwa Jumanne tu, siku docta wa macho anapokuja. Siku zingine tumia tochi na akili. Tata Mutombo tulimzika, lakini sheria yake hatukuizika. Niliirithi pamoja na ufunguo wa chumba, na nilijivunia vyote viwili.

Sheria nyingine haikuandikwa na mtu, ilikuwa ya mji mzima. Kwenye register yetu safu ya sababu ilijaa maneno matatu: vumbi, asidi, chuma. Huu ni mji wa shaba na kobalti. Malori yanapita kutwa, udongo mwekundu unaingia mpaka kwenye sukari. Jicho likija jekundu, ni vumbi. Unamlaza mtu, unamuosha kwa serum, unampaka pomade, unaandika "vumbi", unaita mwingine. Watu wa mtaa wa Kasulo walipoanza kuchimba chini ya nyumba zao wenyewe, sebuleni na jikoni, foleni yetu ilifika getini, na niliosha macho mpaka vidole vikajikunja. Nisiwadanganye: karibu kila mara ilikuwa vumbi kweli. Desturi inayokosea kila siku watu wangeiacha. Ile inayosema kweli siku zote ila moja, hiyo ndiyo muiogope, na mimi hakuna aliyenifundisha kuiogopa.

Zaina alikuja siku ya Jumatano. Ingekuwa Jumanne, nisingeandika haya.

Alikuwa binti wa Tata Ramazani, mwenye lori la mizigo, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Maniema. Zaina alikuwa na kazi ambayo hamtaikuta katika kitabu: kuchagua mawe. Wachimbaji walimwaga mifuko mbele yake, naye kwa kuangalia tu alisema hili lina kobalti, hili bure, hili linajifanya. Weusi una namna nyingi, aliniambia baadaye, na yeye alizijua zote. Wanunuzi wenye mashine ya kupimia walimuuliza kwanza Zaina, halafu wakapima, na mara nyingi mashine ilikuja kukubaliana naye.

Jicho lake la kuume lilikuwa jekundu, na alikuwa anakwepa dirisha.

"Mama, mwangaza inaniuma."

"Unatumika kazi wapi?"

"Ku mawe."

Sikuhitaji zaidi. Nilimlaza, nikamuosha, nikaandika. Ijumaa akarudi, nikamuosha tena. Alikuja hivyo wiki tatu, na mimi sikumwambia aje Jumanne, kwa sababu docta humsumbui kwa vumbi. Lampe ilikuwa pale, hatua mbili kutoka kitandani, imefunikwa kitambaa nilichokishona mwenyewe. Balbu iliyokuwa ndani ilikuwa ya mwisho.

Alhamisi moja aliniambia, "Mama, naona sawa mutu ametia maziwa mu maji." Nikammulika kwa tochi. Mboni haikuwa ya mviringo tena. Ilikuwa na pembe, kama imeshikwa na pini pembeni. Eh, Mungu wangu! Nilivuta kitambaa, nikawasha lampe, nikamwambia aweke kidevu. Ndani ya jicho, mahali ambapo panatakiwa maji safi, kulikuwa na vichembe vidogo vinaelea, vingi, vinapanda na kushuka polepole, kama vumbi unaloliona jua likipenya tundu la bati. Wiki tatu nilikuwa naosha nje, na ugonjwa ulikuwa ndani unakula. Nikakaa.

Nilimpigia simu Docta Ilunga, yule docta wa Jumanne, nikilia, naye akaja kesho yake. Alitazama muda mrefu. "Uvéite," alisema. Kisha akavuta register, akauona mwandiko wangu, vumbi, vumbi, vumbi, akaifunga polepole. Angenitukana ningeshukuru.

Kwa nyinyi wapya ambao uvéite hamjaiona: mwili una askari wake, chembe nyeupe za damu, wa kupigana na microbe. Kwa watu wengine, bila sababu tunayoijua, askari hao wanalidhani jicho la mwenyewe ni adui, wanalipiga. Hakuna microbe wala uchafu wa kuosha. Dawa ya kwanza ni kortizoni ya kuwatuliza, na matone ya kufungua mboni isigande. Ukiwahi, mara nyingi jicho linaokoka. Sisi tulichelewa. Shinikizo la jicho likapanda, mtoto wa jicho akafuata, na kabla mvua hazijarudi jicho la kuume la Zaina lilikuwa linajua giza na mwanga tu. Kisha hata hivyo viwili likavisahau.

Halafu likaanza la kushoto.

Hapo ndipo nilipoujua woga wenyewe, ule unaokaa na wewe mezani. Tukimpa kortizoni nyingi, uso unavimba, sukari inapanda, binti wa watu hajitambui kwenye kioo. Tukipunguza, askari wanarudi ndani ya wiki moja. Akapewa vidonge vya kumeza mara moja kwa juma, ambavyo mtu akivimeza kila siku vinamuua. Niliandika IJUMAA kwa kalamu nene pande zote za boksi, nikijua kwamba baba yake siku hiyo hawezi kuisahau. Bado nilikuwa nashtuka nikiwa napika: je, leo kamezeshwa? Ikaja dawa ya sindano inayotaka baridi. Kasulo, anakokaa Zaina, umeme unakuja ukitaka, kwa hiyo tuliitunza sokoni kwa mama mmoja muuza samaki mwenye frigo na jenereta. Zaina alisema jicho lake sasa linanuka tilapia. Tulicheka. Ilisaidia miezi michache, kisha vile vichembe nikaviona tena kwenye mwangaza, vinaelea bila haraka. Wakati huo lampe nilikuwa naiwasha kila siku ya Mungu, na balbu tuliitafuta ikapatikana, kama ambavyo ingepatikana mwanzo kama tungeitafuta.

Jumanne moja Docta Ilunga alikuja na karatasi. Kule Inde (India), hospitali moja ilikuwa inajaribu kitu kipya kwa macho kama hayo, na wamekubali kumwona Zaina. Alinieleza mara mbili. Kati ya askari wa mwili wako wachache ambao kazi yao si kupigana, ni kuwaambia wenzao waache. Kwa mtu kama Zaina hao hawatoshi. Basi damu yake inapitishwa kwenye mashine, hao wanachujwa, damu iliyobaki anarudishiwa. Wanalelewa kwenye chupa wiki kadhaa mpaka wawe wengi, halafu wanarudishwa mwilini mwake kwa mshipa. "Ni kujaribu," alisema Docta. "Bagonjwa benye bameipata bangali kidogo sana. Hakuna mwenye anaahidi kitu. Na askari bakitulizwa sana, ugonjwa ndogo inaweza kumubeba."

Tukamwita Tata Ramazani. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, kofia juu ya goti, Zaina pembeni yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuuliza, taratibu.

"Munatosha damu mu mwili ya mutoto yangu."

"Ndiyo, Tata," alisema Docta.

"Munaiingiza mu mashini."

"Ndiyo."

"Na ingine inabakia kule mu chupa, yeye hayuko."

"Wiki kadhaa, ndiyo."

"Docta, mi nilizaliwa hapa Katanga. Hiyo kitu iko na jina."

Hakuna aliyeuliza jina gani. Batumbula. Sisi tuliokulia huku tuliogopeshwa nao kabla hatujajua kufunga kamba za viatu: watu wanaokamata watu njiani, wanawaficha, wanawanyonya damu kwa ajili ya wakubwa wa mbali. Mama yangu alikuwa akitaja jina hilo, tunaingia ndani wote bila kuitwa mara ya pili. Na mimi, niliyesoma, niliyevaa blouse nyeupe ya hospitali, ninayejua chembe nyeupe ni nini, nilihisi vinyweleo vinasimama mikononi.

Tata Ramazani akanigeukia. "Mama Vero. Huyu Docta simujue, anakuyaka Jumanne. We njo ulimuosha mutoto na mikono yako, wiki tatu, haukuchoka. Kama iko mutoto yako, unaweza mutuma?"

Alinitegemea mimi. Nikisema ndiyo, atakubali kwa sababu ya mikono iliyomuosha. Nikimwambia mikono hiyo ilifanya nini, atainuka, atamshika binti yake, hatakanyaga tena hospitali, na jicho la kushoto litakufa kwa ukweli wangu. Nilikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza. Mwoga hakosi sababu nzuri. Nikafungua kinywa kusema ndiyo, nikamwona Zaina ameweka kiganja juu ya jicho lililokufa, kama ilivyokuwa tabia yake.

"Tata," nikasema, "mbele ya kujibu. Ile macho ya kuume, mi njo niliichelewesha. Niliandika vumbi, na haikukuwa vumbi. Hii lampe ilikuwa hapa hapa. Sikuiwasha, juu ya kuchunga balbu."

Docta Ilunga aliangalia sakafu.

"Balbu," akasema Tata Ramazani.

"Balbu, Tata."

Alivaa kofia, akainuka. Nikajua imekwisha. Lakini hakwenda mlangoni. Alikwenda kwenye lampe, akaizunguka kama madereva wanavyozunguka injini ya mwenzao. "Balbu yenyewe iko namna gani?" Niliitoa, nikaiweka kiganjani mwake. Haikuzidi ncha ya kidole changu kidogo. Aliigeuza, akaigeuza tena, na yule baba mkubwa, anayekunja turubai la lori peke yake, akaanza kulia. Nilisimama mbele yake nikiona aibu ya kufa, na sikuwa na haki hata ya kumwambia pole.

Aliyeongea ni Zaina.

"Baba, macho ni yangu. Kama ni batumbula, bakunywe. Ile moja ilikufia hapa hapa Kolwezi, na hakukukuwa mutumbula hata mumoja."

Walikwenda wote wawili. Miezi waliyokaa kule sikuwa mtu. Simu ikilia nilidhani ni habari ya msiba. Nilimwomba Bikira Maria, na kwa kuwa mambo yenyewe yalikuwa ya Waislamu, nilimwomba pia jirani yangu Mama Asha aniombee kwa upande wake. Waliporudi, uso wa Zaina ulikuwa umeanza kurudi kwenye umbo lake. Alinisimulia ile mashine: mirija miwili, saa nyingi za kulala bila kusogea, na baba yake kwenye kiti na tasbihi mkononi, hatoi jicho kwenye mfuko wa damu, hataki hata kwenda haja, awe na hakika kwamba kilichotoka kimerudi. Siku ya kurudisha zile chembe, walileta mfuko mdogo wenye maji meupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Nilizani itauma," aliniambia. "Haikuuma. Njo niliogopa zaidi."

Alileta pia karatasi ya maagizo, na kwangu ilikuwa kama hukumu. Homa yoyote, asipewe dawa kwa mazoea. Apimwe, jicho liangaliwe kwa lampe, Inde wapigiwe simu, siku hiyo hiyo. Niliinakili, nikaibandika ukutani. Mliiona wote. Wengine mlitundika kalenda juu yake.

Homa ilikuja asubuhi moja, mwezi wa pili baada ya kurudi. Mmoja wenu, simtaji, anajijua, alikuwa zamu pale mapokezi. Nilipofika Zaina alikuwa amelazwa anatetemeka, na kwenye fishi yake, ile kadi ya mgonjwa, limeandikwa tayari neno moja: malaria. Kipimo hakijatolewa hata kwenye pakiti.

"Nani ameandika hii?"

"Mama Vero, homa ni malaria. Hapa Kolwezi ni nini ingine?"

Nilimkemea mpaka wagonjwa wa jino wakatoka kuangalia. Wanisamehe. Sikuwa nakemea yule kijana, nilikuwa nakemea mtu mwingine ambaye blouse yake nilikuwa nimeivaa. Tulipima: malaria ipo. Yule mwenzenu akatabasamu. Nikamwambia asitabasamu, kipimo kinasema kilichopo, hakisemi kisichopo. Tukampandisha Zaina kwenye lampe, wawili tumemshika mabega, meno yanagongana. "Mama," alisema, "tangu jana naona binzi bieusi." Nzi weusi mbele ya jicho. Nilikuwa na mkono kwenye swichi na sikutaka kuiwasha. Ndugu zangu, niliyaona macho ya maelfu ya watu, na sikuwahi kuogopa kutazama kama nilivyoogopa pale. Ningekuwa na mtu wa kumpa kiti kile, ningempa.

Nikawasha. Maji yalikuwa safi. Nikatazama tena, nikapitisha mwangaza kutoka pembe hii hadi ile, nikimwomba asipepese. Safi. Wale nzi walikuwa mabaki ya vita vya zamani, wamekaa nyuma, hawana madhara. Docta Ilunga alithibitisha, watu wa Inde walituambia kwa simu dawa gani tumpe, tukampa, akapona. Kwa hiyo ilikuwa malaria tu, kama alivyosema yule mwenzenu. Msicheke. Akiwa sahihi mara tisa atakuja kuwa mimi.

Wiki yangu ya mwisho kazini Zaina alikuja kupimwa. Jicho la kushoto lilikuwa limetulia, na lilikuwa limetulia karibu mwaka mzima. Kortizoni imebaki kidonge kidogo. Anachagua mawe tena, anayasogeza karibu na pua na kugeuza kichwa kama kuku, na wanunuzi bado wanamuuliza. Alitoa kidevu kwenye lampe, akajifuta matone ya dawa.

"Mama, hao askari batulizaji batakaa muda gani mu mwili?"

"Sijue."

"Docta anajua?"

"Hajue."

"Ba kule Inde?"

"Nabo habajue. We njo uko mu ba kwanza."

Alitikisa kichwa, kama anapokea jiwe na kulipima.

"Bon. Basi unifunze."

"Nikufunze nini?"

"Kutembea sawa kipofu. Wakati ningali naona."

Nilimpigia kelele. Usiite mabaya! Unataka Mungu akusikie? Akaniacha nimalize.

"Mama," akasema, "mi nakaa Kasulo."

Anayeijua Kasulo haombi maelezo zaidi. Kutoka mlango wa Tata Ramazani hadi bomba la maji kuna mashimo mawili ya zamani, marefu kuliko nyumba. Moja limefunikwa bati. La pili halina kitu, ila kijiti kimesimamishwa na kitambaa chekundu. Mtu anayeona huteleza na kuingia humo. Si mahali pa kupofukia.

Kwa hiyo mkiniuliza nafanya nini siku hizi, Jumamosi asubuhi niko Kasulo. Tunafunga kitambaa juu ya jicho la kushoto. La kuume halihitaji. Yeye anatangulia, mimi nyuma nimeshika ncha ya kitenge chake. Hatua tisa hadi jiwe la kufulia. Geuka pale udongo unapokuwa laini. Kisha hatua kumi na saba kandokando ya shimo lile lisilofunikwa, mguu wa kuume usitoke nje ya mstari. Jumamosi ya kwanza nilimvuta mpaka kitenge kikalia. "Mama, unanivuta sawa mbuzi!" Baba yake hukaa mlangoni, tukifika kwenye jiwe anaingia ndani, hawezi kutazama.

Jumamosi iliyopita alifika mwanzo wa zile hatua kumi na saba, pale ambapo baridi ya shimo inaanza kupanda miguuni. Akasimama.

"Mama, uachilie."

"Hapana."

"Siku ingine hautakuwa hapa. Achilia."

Nilitazama chini. Hakuna kinachoonekana mle, hata jua likiwa juu. Nikaizungusha ncha ya kitenge mkononi mara ya pili.

"Zaina, naogopa."

"Na mi naogopa, Mama. Achilia."

Nikaachilia.

"Moja," akasema Zaina, akainua mguu.